Mzingo mkubwa haimaanishi eneo kubwa

Hii kitu naisikia sana huku Masasi, hata kwa wazazi wenye mikorosho yao: shamba likikuchosha zaidi kulizunguka basi ndo kubwa zaidi. Watoto nao wanaibeba hivyohivyo mpaka kwenye mtihani. Jamani sio kweli.

Mpe mtoto njiti 12 za kiberiti, apange mstatili wa 5 kwa 1. Mzingo 12, ndani vinaingia viboksi 5 tu. Sasa njiti zilezile, bila kuongeza hata moja, apange 4 kwa 2, viboksi vinakuwa 8, halafu 3 kwa 3 vinafika 9!! Mwache abishe kwanza, achore viboksi mwenyewe kwa chaki sakafuni ahesabu kwa kidole, fomula usimpe bado maana akishakariri urefu mara upana anaitumia kila mahali hata pale panapotaka kujumlisha.

Nyingine naipenda zaidi. Chukua daftari la hesabu lile la vyumba, chora 6 kwa 4, mzingo 20, eneo 24. Kata chumba kimoja cha kwenye kona. Mzingo umepungua? Wengi watasema ndiyo (watu wazima pia, wajaribu shemeji zako) ila ukihesabu pembeni bado ni 20, umetoa pande mbili zimezaliwa mbili nyingine. Eneo ndo limebaki 23. Na ungekata chumba cha katikati ya upande badala ya kona, eneo lingekuwa hilohilo 23 ila mzingo unapanda mpaka 22.