Kisu cha Kukunja Hukabidhiwa Kaunta, Nacho Hufungwa kwa Kuufikiria Mkono wa Mwenzio

Malalamiko yanayofika kwenye meza yetu ya ukaguzi wa abiria siku hizi yanafanana mno. Begi dogo limesimamishwa kwenye mashine ya eksirei, mkaguzi ametoa humo kisu cha kukunja ambacho mwenyewe alipewa na baba yake, au ile koleo ya mfukoni yenye bisibisi, msumeno na kifungua kopo ndani yake, na baada ya mabishano ya dakika kumi kifaa kimebaki kwetu. Kisha inakuja barua: kwa nini mmeninyang'anya mali yangu? Karibu kila kisa cha namna hiyo kingezuilika nyumbani, usiku wa kufunga mizigo, na ndiyo sababu ya maelezo haya.

Kanuni yenyewe ni fupi. Kisu cha mfukoni na kifaa cha zana nyingi husafiri katika mzigo unaoukabidhi kaunta, ule unaopakiwa tumboni mwa ndege. Haviingii nawe kwenye chumba cha abiria. Kwa visu vya kawaida hilo halikatazwi, na huhitaji kuja kuomba ruhusa ofisini. Tunachoangalia ni kama kifaa kinafikika ndege ikiwa angani. Kilicho tumboni hakifikiki, kilicho juu ya kiti chako kinafikika. Ndiyo maana kisu kilekile ni halali upande mmoja na ni marufuku upande wa pili, na ndiyo maana hoja ya "mimi ni mtu mzima, nina wajukuu, nitamchoma nani?" haibadilishi chochote. Mkaguzi hajakutuhumu. Hata rubani akiwa nje ya zamu na amevaa nguo zake za nyumbani hukaguliwa kama wewe.

Wengi hunijibu kwamba zamani visu viliingia. Ni kweli. Nchini Marekani, kabla ya Septemba 11, 2001, kisu chenye ubapa (ile sehemu yenye makali) usiozidi inchi 4, yaani kama sentimita 10, kiliruhusiwa ndani ya ndege. Baada ya siku ile kikapigwa marufuku. Machi 2013 mamlaka ya usalama wa usafiri ya nchi hiyo, TSA, ilitangaza kwamba kuanzia Aprili 25 ingeruhusu tena visu vidogo vya ubapa usiozidi sentimita 6. Wahudumu wa ndege walipinga vikali, mashirika makubwa nayo yakapinga, na Juni 5 mpango ukafutwa kabla haujaanza kutumika. Bado nakutana na abiria wanaoikumbuka habari ya Machi na hawakuisikia ya Juni.

Hiyo sentimita 6 imewachanganya watu zaidi ya jambo lingine lolote katika kazi hii, nami naelewa kwa nini. Katika Umoja wa Ulaya, kanuni za pamoja zinakataza ndani ya ndege vyenye ubapa unaozidi sentimita 6, kwa hiyo kisu kifupi kuliko hapo kinaweza kupita. Kanada nayo iliruhusu kipimo hichohicho mwishoni mwa Novemba 2017, isipokuwa kwenye safari za kwenda Marekani. Basi mtu anaondoka na kisu chake mfukoni bila shida, anaamini amepata haki ya kudumu, na siku ya kurudi, katika uwanja mwingine wenye sheria nyingine, anakipoteza. Shirika la ndege pia linaweza kuwa kali kuliko serikali. Tafadhali usisafiri kwa kupima ubapa na rula. Ukikiweka kwenye mzigo wa kaunta, kwa kawaida urefu wake hautakusumbua ukaguzini.

Kuhusu vifaa vya zana nyingi, nitasema mara moja: kama kuna ubapa ndani, ni kisu. Kwamba asilimia kubwa ya kifaa ni koleo si utetezi. Ziko aina zilizotengenezwa bila ubapa kwa ajili ya wasafiri, na Marekani huruhusu ndani ya ndege zana za mkono zisizozidi inchi 7, kama sentimita 18. Hata hivyo uamuzi wa mwisho ni wa mkaguzi aliye mbele yako, na wa uwanja huu si wa uwanja ule. Mimi hicho nacho ningekikabidhi kaunta.

Sasa tuje kwenye kufunga, kwa sababu hapa ndipo watu wengi wanaodhani wamemaliza wajibu wao huishia njiani.

Kila mzigo wa kaunta unapita kwenye mashine. Baada ya milipuko ya ndege ya Air India mwaka 1985 na ya Pan Am juu ya Lockerbie mwaka 1988, mabomu yote mawili yakiwa ndani ya mizigo, ukaguzi wa mizigo ya tumboni ulianza kukazwa hatua kwa hatua, na tangu Januari 1, 2006 viwango vya kimataifa vinataka mizigo yote ya aina hiyo katika safari za kimataifa ikaguliwe. Mashine ikishindwa kutambua kitu, begi linafunguliwa. Anayelifungua ni mtu. Anaingiza mkono katikati ya nguo ambazo hakuzipanga yeye, amevaa glavu nyembamba, na nyuma yake kuna mabegi mengine yanasubiri ndege ileile.

Mwenzangu mmoja alishonwa kidole kwa sababu ya kisu kilichokuwa kimeviringishwa kwenye taulo. Abiria hakuwa na nia mbaya. Alikuwa amekifunga, kwa akili yake, kwa uangalifu. Lakini begi hutupwa, hubingirishwa, husimama kichwa chini juu ya mikanda ya kusafirishia mizigo, na ncha ilitoboa taulo muda mrefu kabla ya kufika mezani kwetu. Taulo si ala, yaani kifuniko cha kisu. Soksi si ala. Nisingependa kurudia maneno haya, lakini wiki haiishi bila kukutana na soksi yenye kisu ndani yake.

Fanya hivi. Kifute kwanza kisu, hasa udongo, utomvu na mabaki ya chakula, kwa kuwa nchi kama Australia na New Zealand zina ukaguzi mkali wa magonjwa ya mimea na wanyama, na udongo mkavu kwenye bawaba ya kisu unaweza kukuweka kwenye foleni ya pili. Kikunje hadi mwisho. Kama bawaba imelegea na kisu hufunguka chenyewe, kizungushie utepe wa gundi ili kisifunguke. Kitie kwenye mfuko wake, kisha kwenye kitu kigumu: kasha la miwani, kopo dogo, sanduku la vifaa. Kisu kisichokunjika kinataka ala ngumu inayofunika ncha na makali yote; kama huna, kunja kadibodi nene mara mbili, izidi ncha kwa upana wa vidole viwili, uifunge kwa utepe wa gundi mpaka isiteleze ukiitikisa. Kiweke katikati ya begi. Mifuko ya nje huchanika kwanza, zipu zake hunasa kwenye mikanda, na ndiyo mifuko ambayo mkono wowote hufika haraka.

Usikizungushie nyaya za chaja wala rundo la vyuma. Mwendeshaji wa mashine anataka kuona umbo. Kisu kikiwa peke yake kinaonekana wazi kwamba ni kisu na begi linaendelea na safari yake. Kisu kilichozingirwa na vifaa vya umeme ni kivuli kizito kisichosomeka, na kivuli kizito ndicho kinachofunguliwa. Wala usikifiche. Nimeona kisu ndani ya kitabu kilichochimbwa, na kingine kimefungwa kwa karatasi ya aluminiamu, na wenyewe wakajitetea kwamba walikuwa wanaogopa wezi. Kwa anayetazama skrini, kitu kilichofichwa ni kitu kilichofichwa, na kwenye fomu yetu kuna kisanduku chake.

Kufuli unaweza kuweka. Elewa tu kwamba likituzuia tutalikata, na kwa kawaida fidia haipo. Ziko kufuli zinazotambuliwa na TSA ambazo wakaguzi wa Marekani hufungua kwa ufunguo wao, nao wakifungua begi huacha karatasi ya taarifa ndani. Katika nchi nyingine abiria huitwa aje kushuhudia, kwa hiyo usizime simu mara tu unapopata pasi ya kupandia.

Kuna kosa la wale walio makini, nalo hunisikitisha kwa sababu wamejitahidi. Wamejifunza kwamba vitu vyenye shaka huenda kaunta, basi wanakusanya kila kitu pamoja na kisu: pawabenki, betri za akiba za tochi, kiberiti cha gesi. Hapo wamegeuza kanuni juu chini. Betri ya lithiamu ikishika moto ndani ya chumba cha abiria, wahudumu wanaifikia na wamefundishwa kuishughulikia. Ikishika moto tumboni, hakuna wa kuifikia. Kwa hiyo kisu kisifikike, betri ifikike. Pawabenki na betri zote za akiba za lithiamu hubebwa mkononi. Hadi wati-saa 100 (Wh, kipimo cha nishati ya betri) kwa kawaida hakuna kibali kinachotakiwa, na kutoka hapo hadi 160 unaomba ruhusa ya shirika la ndege. Kiberiti kimoja cha gesi cha kawaida, pale kinaporuhusiwa, hukaa mwilini mwako. Cha mwali wa buluu hakisafiri, na mtungi wa gesi ya jiko la kambi hausafiri upande wowote. Kama kifaa chako cha zana nyingi kina betri inayochomoka, ichomoe: chuma kiende chini, betri ipande nawe.

Mara nyingi kisu hukamatwa kwa mtu aliyekuwa amekifunga vizuri kabisa mwanzo wa safari. Fikiria anayeunganisha ndege. Kwenye safari ya kuingia Marekani, kwa kawaida abiria huchukua mzigo wake kwenye uwanja wa kwanza anaotua, anapita forodha, kisha anaukabidhi tena. Katika dakika hizo chache anafungua begi kutafuta koti, anatoa na kile kisu, anakitia mfukoni bila kufikiri. Au amenunua kisu cha zawadi mjini kati ya safari mbili, na mzigo wake mkubwa umeshatangulia. Nunua kabla hujakabidhi mzigo, au kitumwe kwa posta. Na kama ndege imejaa na begi lako dogo linachukuliwa mlangoni likapakiwe chini, usidhani lingeweza kuwa na kisu: begi hilo limepitia ukaguzi wa mkononi kama mengine. Bali kabla hujaliachia, toa pawabenki.

Ikitokea umefika ukaguzini na ndipo ukakumbuka, mwambie mkaguzi mapema, kwa maneno ya kawaida: kwenye begi hili kuna kisu, kiko mfuko huu. Usiingize mkono ukitoe mwenyewe. Muda ukiruhusu, utaelekezwa urudi kaunta ukikabidhi katika mzigo, au umpe aliyekusindikiza. Baadhi ya viwanja vina huduma ya kukutumia kwa posta kwa gharama yako. Njia hizo zote zikishindikana, unakiacha. Narudia neno hilo kwa sababu ndilo linalozua barua: unakiacha kwa hiari yako badala ya kukosa ndege, wala hakihifadhiwi hadi urudi. Majina na namba ya pasipoti vinaweza kuandikwa. Kisu kikiwa cha aina iliyokatazwa na sheria, au kikiwa kimefichwa, polisi huitwa, na kuanzia hapo jambo limetoka mikononi mwa mkaguzi, hata akikuonea huruma. Nchini Marekani inaweza kufuata faini ya kiraia hata bila kesi ya jinai, kiasi chake kikitegemea kifaa na mazingira yake, na msafiri anaweza kuondolewa kwenye mpango wa ukaguzi wa haraka. Kupandisha sauti hakujawahi kufupisha hatua hata moja kati ya hizi.

Mwisho ni kule unakokwenda. Begi kufika salama si kibali cha kutembea na kilichomo. Uingereza, kisu cha kukunja chenye makali yasiyozidi inchi 3, yaani sentimita 7.62, kinaweza kubebwa hadharani bila kutoa sababu. Lakini kile ambacho ubapa wake hujikaza usikunjike ukishafunguka hakihesabiwi kuwa cha kukunja, na vifaa vingi vya zana nyingi viko hivyo. Ujerumani, kisu kinachofunguliwa kwa mkono mmoja na kujikaza hivyo hakibebwi hadharani bila sababu inayokubalika kisheria. Japani, ubapa unaozidi sentimita 6 unataka sababu ya maana, na hata mdogo kuliko huo unaweza kukuletea maswali ya polisi. Soma sheria ya nchi hiyo ungali nyumbani, na ukifika, kiache kisu ndani ya begi mpaka uwe na kazi nacho.

Visu vya springi vinavyoruka kwa kubonyeza kitufe, pamoja na vile vya mipini miwili inayogeuka kama mabawa ya kipepeo, ni jambo jingine kabisa. Uingereza, Kanada na Australia huvizuia mpakani hata vikiwa vimefungwa vizuri katikati ya mzigo wa kaunta. Hivyo usivipakie.