Kichwa cha risasi kutoka ardhini: kipime uzito kabla ya kukipa jina

Kiswahili kinatumia neno moja, risasi, kwa madini na kwa kitu kinachotoka mtutuni. Kwa silaha za kabla ya miaka ya 1880 neno hilo linafaa kabisa, maana vichwa karibu vyote vilikuwa risasi tupu, pengine na bati kidogo. Ndiyo sababu naanza na mizani, kisha kalipa, kifaa cha kupimia kipenyo. Kichwa kilichogonga jiwe hupoteza umbo lake lote na bado kikabaki na karibu uzito wake wote.

Kabla ya yote, tazama kama kichwa bado kimekaa ndani ya ganda. Kama ndivyo, usikiguse wala kukisafisha: baruti na fataki inayoiwasha vinaweza kuwa hai baada ya miaka mia. Tena baadhi ya vichwa vina dawa ya kuwasha moto ndani, na rangi ya onyo iliyokuwa nchani huoza udongoni. Kitu chochote kilichochongoka chenye kipenyo cha mm 20 au zaidi kiache pale pale, weka alama, ondoka, waite polisi.

Kichwa kitupu kioshe kwa maji na brashi laini, basi. Ule utando mweupe au wa rangi ya maziwa juu ya risasi ndio unaoilinda. Brashi ya waya huufuta, na hufuta pia alama za mtutu ambazo utazihitaji baadaye. Siki ni mbaya zaidi, kwa sababu huiyeyusha risasi na kutoa chumvi yenye sumu. Nawa mikono kila unapomaliza.

Kwa gololi za magobori, tumia hesabu hii: kipenyo kwa milimita ni 5.52 mara kipeuo cha tatu cha uzito kwa gramu. Inatokana na msongamano wa risasi, gramu 11.34 kwa sentimita moja ya ujazo. Chukua bonge lililobapa la gramu 26.5. Kipeuo chake cha tatu ni 2.98, kwa hiyo lilikuwa gololi ya takriban mm 16.5, saizi inayoingia kwenye gobori la Kifaransa la Charleville lenye mtutu wa mm 17.5. Gololi ya gramu 32 inatoa mm 17.5, na hiyo ni ya Brown Bess ya Waingereza, ambayo mtutu wake ni mm 19. Pengo kati ya gololi na mtutu liliachwa makusudi, ili gololi isikwame mtutu ukishajaa masizi. Anayelinganisha gololi na kipenyo cha mtutu moja kwa moja hukosea kila mara.

Gololi iliyoanguka bila kupigwa hubaki na mshono wa kalibu na kovu dogo mahali risasi ilipomiminwa. Iliyopigwa huwa na mkanda uliosuguliwa kiunoni, au upande mmoja umebapa. Alama za meno mara nyingi ni za nguruwe au panya, hata kama simulizi za askari kung'ata risasi zinapendeza zaidi. Tundu katikati ni dalili ya chubwi la mvuvi, na ikinaswa na sumaku huenda ni gololi ya beringi.

Uzito peke yake hautoshi. Kichwa cha Minié, kilichochongoka, cha bunduki ya Kimarekani ya Springfield ya 1861 kina gramu 32 hivi, sawa na gololi ya Brown Bess, na cha bunduki ya Kiingereza ya Martini-Henry kina gramu 31. Hapo umbo ndilo linaloamua. Cha Minié ni kinene, mm 14.6 hivi, kina shimo kitakoni na pete tatu ubavuni. Kile cha Enfield ya Kiingereza ya 1853 kina shimo pia, ila ubavu ni laini. Cha Martini ni chembamba, mm 11.4, na ni kirefu.

Kuanzia bunduki ya Kifaransa ya Lebel ya 1886 vichwa huvikwa koti la metali, na hapa sumaku inaanza kazi. Makoti mengi ya Kijerumani ni ya chuma kilichopakwa metali nyingine, hivyo hunaswa na huota kutu hadi kupasuka. Kichwa cha Kijerumani cha S cha mwaka 1905 kina gramu 10, mm 8.2, ncha kali na kitako bapa. Ukipata gramu 12.8 na mkia uliopunguzwa, kuna majibu mawili: sS ya Kijerumani, yenye koti na kiini cha risasi, au Balle D ya Kifaransa, ambayo ni kipande kimoja cha aloi ya shaba, hakina kiini na hakinaswi na sumaku. Kichwa cha .303 Mk VII cha Waingereza kina gramu 11.3 na kitako bapa. Ni kirefu kuliko uzito wake unavyoashiria, kwa kuwa nchani chini ya koti mna alumini au nyuzi za mbao badala ya risasi. Kalipa itasoma mm 7.9, na wengi hukikataa wakitarajia 7.7. Jina .303, yaani inchi 0.303 au mm 7.7, linapima mtutu kati ya matuta yaliyo ndani yake. Kichwa lazima kiwe kinene zaidi ili kijaze mifuo, yaani mikato iliyo kati ya matuta hayo.

Hiyo mm 7.9 iko karibu mno na vichwa vya Mosin, bunduki ya Kirusi, kwa hiyo mwisho hesabu alama za mifuo zilizobaki juu ya kichwa. Simamisha kichwa ncha ikiwa juu, umulike kwa tochi kutoka ubavuni. Alama 5 zinazoelekea kushoto zinapopanda ni Lee-Enfield ya Kiingereza. 7 za kushoto, zisizo na kina, ni Lee-Metford, ya Kiingereza pia. Nne za kulia ni Mauser 98 ya Kijerumani au Mosin, nawe utazitenganisha kwa kipenyo. Nne za kushoto ni Lebel. Kama kutu imekula koti lote, andika uzito na mahali kilipolala, na nafasi ya jina uiache wazi.