"Hana sikio la muziki": nimechoka kulisikia hili

Wiki hii tena. Mama kaja na mtoto wa miaka 8, fidla hata sijaitoa kwenye begi, keshanambia "mwalimu nakwambia mapema, huyu hana sikio, kamchukua babaake". Na mtoto kakaa hapohapo anasikiliza kila neno, hilo sikio asilokuwa nalo linafanya kazi vizuri tu.

Jamani. Mtu asiyeweza kabisa kutofautisha sauti ya juu na ya chini yupo, ila ni nadra, mie kwa miaka yote niliyofundisha hapa Unguja sina hakika kama nimeshakutana na hata mmoja. Waliobaki hawajafundishwa tu, basi. Wewe mwenyewe unayesema huna sikio, mtu akikutajia barabara ya kupita gari na barabara ya sawasawa unazijua mbalimbali, kwa vile sauti inavyokazwa tu, sasa hapo unatumia sikio la nani? Yule mtoto nikamuuliza kama anakwenda chuoni, akanisomea aya mbili, sauti imetulia, inapanda na kushuka palepale alipofundishwa na ustadhi wake (sisemi kisomo ni muziki, masheikh msinikamate, nasema sikio ni hilohilo moja).

Kinachoharibu ni sisi. Baba mwenye sauti nzito anamwambia mtoto "imba hii", mtoto sauti yake iko juu huko, anaitafuta chini haipo, anatoa mlio wowote, watu wanacheka, anafunga mdomo mpaka anazeeka. Mie naanza kinyume: namwambia alie kama king'ora kutoka chini mpaka juu, akisimama popote namfuata na fidla, mie ndo namtafuta yeye. Akishazisikia sauti mbili zimegandana nahama hatua moja na yeye anahama. Kuna wa siku moja na kuna wa miezi miwili, wote wanafika, mradi iwe dakika 15 kila siku, SIO saa mbili Jumamosi. Na aimbe kwanza kabla hajashika ala yoyote, hapo sibishani na mtu.

Halafu mnanitolea mfano wa Siti binti Saad, yule mwimbaji wa taarabu, eti alizaliwa na kipaji. Sauti kapewa na Mungu, sikatai. Lakini alihamia mjini 1911, akafundishwa na wanamuziki wa mjini kufuata ala na kuimba Kiarabu, na santuri zake za Bombay ni za 1928. Hesabuni hapo katikati.

Mengine haraka haraka. Kumpigia mtoto wa tumboni muziki wa Mozart eti azaliwe na akili: ule utafiti wa 1993 mnaoutegemea ulifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu, sio vichanga, wakasikiliza dakika 10 na faida yenyewe ikakaa kama robo saa ikaondoka, mama mjamzito sikiliza unachokipenda. "Nimeshachelewa, nina miaka 40": vidole vitakuwa vigumu kidogo, njoo. "Utamsaidia hesabu?" Ushahidi wa hilo ni dhaifu na mie siuzi muziki kama mbolea ya hesabu, anayejifunza muziki anapata muziki, na akikaa kwenye bashrafu (ule muziki wa ala tupu wa kufungulia taarabu) na watu kumi anajifunza kunyamaza mpaka zamu yake ifike, kitu ambacho wazazi wengi wanaokuja kwangu hawakiwezi.

Na msiwanunulie vile vinanda vya betri vyenye ngoma inayojipiga yenyewe, mtoto anabonyeza kitufe kimoja mnapiga makofi, kisha hichohicho ndo mnakifanya mizani ya kumpimia. Juzi kanipigia simu baba wa mwanafunzi wangu mwingine, wa miaka 14, analalamika binti anapiga fidla sauti imepinda, kaijaribu kwenye kinanda haipo. Nikamwambia sogeza simu karibu nisikie. Binti anapiga Rast, moja ya ngazi za sauti za muziki wa Kiarabu, ile sauti ya tatu kaiweka katikati ya kitufe cheupe na cheusi, hasa panapotakiwa.

Nikamwambia baba akizime hicho kinanda.