Hakuna Muziki Unaoitwa Metali ya Kike

Mimi ni fundi mitambo wa sauti. Kazi yangu ni kukaa nyuma ya mikisa, ile meza ya kuchanganyia sauti, na kuhakikisha bendi inasikika, na bendi nyingi ninazozihudumia ni za roki na hevi metali, yaani roki nzito ya gitaa kali. Kwenye mabango ya matamasha kuna maneno yameota mizizi: "metali ya kike", au "bendi inayoongozwa na mwanamke". Yanaandikwa kana kwamba ni aina ya muziki. Nami niliyameza hivyo hivyo mpaka siku yaliponiumbua.

Bendi ilikuwa ya deth metali, tawi kali la hevi metali ambalo waimbaji wake hunguruma. Karatasi niliyotumiwa ilisema tu kwamba mwimbaji ni mwanamke, basi nikaandaa chaneli ya sauti nyembamba: nikakata masafa yote ya chini, nikapunguza yale masafa ya juu yanayochoma masikio. Akaja dada mpole, akasema "moja, mbili", nikaridhika. Wimbo ulipoanza alinguruma kama radi ya mbali, na gitaa mbili zikamfunika kabisa. Nikapandisha geini, yaani nguvu ya maiki yake. Nikapandisha tena. Spika zikapiga mluzi, ukumbi mzima ukaziba masikio.

Nilichokuwa sikijui ni hiki. Juu ya nyuzi za sauti kooni kuna mikunjo mingine miwili ya nyama, ile inayojibana tunapojikaza kunyanyua mzigo. Mwimbaji wa mngurumo huitikisa kwa pumzi anayoidhibiti na misuli ya tumbo, na hapo ndipo unapotoka ule mkwaruzo. Uzito wa sauti hutegemea sana jinsi anavyolipanga koo na mdomo. Kwa hiyo tofauti ya mwanamume na mwanamke, ambayo katika uimbaji wa kawaida unaisikia papo hapo, hapa hufifia. Tena aliyebobea hapigi kelele kubwa kama unavyodhani. Sehemu kubwa ya ukali huo inakuzwa na maiki.

Sasa chukua Angela Gossow, Mjerumani aliyeingia bendi ya Arch Enemy ya Uswidi mwaka 2000 akirithi nafasi ya mwanamume na kunguruma hadi 2014. Chukua Tarja Turunen, aliyeimba kwa sauti ya opera na bendi ya Nightwish ya Ufini hadi 2005. Ongeza Doro Pesch wa bendi ya Warlock, ambaye mwaka 1986 alipanda jukwaa la tamasha la Monsters of Rock kule Castle Donington, Uingereza, kwa sauti kavu ya hevi metali ya zamani. Ukiwaweka kwenye mikisa, hakuna hata mpangilio mmoja utakaowafaa wote watatu. Kuwatia kapu moja ni sawa na kupanga magari kwa jinsia ya dereva.

Lakini kosa la jina hilo ninaloliona zito zaidi ni kwamba linamtazama aliyeshika maiki tu. Wapiga vyombo wa kike wanatoweka. Nimeshuhudia mpiga besi amebeba gitaa lake begani, akazuiwa mlango wa nyuma na kuulizwa amekuja na nani. Alijibu, "Na besi," akapita.

Na historia haina haya kuhusu hilo. Sister Rosetta Tharpe, mwimbaji wa injili wa Marekani, alikuwa akilikwaruza gitaa la umeme miaka ya 1940, kabla wengi wa wanaume wanaoitwa waasisi wa rok en rol hawajarekodi chochote. Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki, ilianza kupokea wasanii mwaka 1986. Yeye aliingizwa 2018, miaka 45 baada ya kufariki. Mwaka 1970 bendi ya Fanny, ya wanawake pekee, ilitoa albamu kwa kampuni kubwa ya kurekodi ya Marekani. Miaka mitano baadaye wakaja The Runaways, wasichana wadogo, Lita Ford kwenye solo na Sandy West kwenye dramu.

Kisa ninachokipenda kuliko vyote ni cha Girlschool, bendi ya wanawake ya London. Mwaka 1981 walirekodi pamoja na Motörhead, bendi ya wanaume, na rekodi hiyo ikafika namba 5 kwenye chati za Uingereza. Mpiga dramu wa Motörhead alikuwa ameumia shingo, kwa hiyo dramu zote alipiga Denise Dufort wa Girlschool. Isikilize bila kutazama jalada, halafu niambie ni wapi dramu zimelegea. Jo Bench naye alishika besi ya bendi ya Bolt Thrower tangu 1987 hadi bendi ilipovunjwa 2016, karibu miaka 30 ya deth metali, na sijawahi kuona bango likiita muziki ule "wa kike". Ndivyo inavyopaswa kuwa, ingawa nashuku sababu yenyewe ni kwamba hakuwa mwimbaji.

Siku hizi bendi kama Nervosa wa Brazili na Voice of Baceprot wa Indonesia, waliopiga kwenye tamasha la Glastonbury, Uingereza, mwaka 2024, wanafika na vyombo vyao, wote wakiwa wanawake, na kazi yangu inabaki ile ile: besi dramu isizame, solo isitoboe masikio.

Kwenye karatasi yangu ya chaneli nilikuwa naandika "mwimbaji, mwanamke". Sasa kabla ya bendi kufika nawapigia simu, kisha naandika kitu kama: "mngurumo wa chini, anafunika maiki kwa kiganja, monita yake (spika ya kujisikia jukwaani) iwe ndogo."