Mnara wa Uyole haugawi intaneti

Simu inasoma mtandao fulu, ukurasa haufunguki, na hukumu imeshatoka: "Mnara wa Uyole hapa Mbeya mbovu, mafundi waje wapande." Jamani. Vile vimistari vinapima redio kati ya simu yako na antena. Habari za intaneti havizijui.

Mnara wa 4G hupokea pakiti yako (kifurushi kidogo cha data) hewani, huifunga kwenye bahasha ya GTP (utaratibu wa kusafirisha data ndani ya mtandao wa simu) na kuisukuma kwa faiba au mawimbi ya maikrowevu hadi SGW, mtambo wa kati wa kampuni ya simu, nayo humkabidhi PGW, mtambo wa kutokea intaneti. Bahasha hufunguliwa kwa PGW, ndipo pakiti itoke kwenda duniani. Hilo ndilo lango. Anwani yako ya IP inatoka hapo, bando linahesabiwa hapo, na likiisha unafungiwa hapo hapo. Tena si lazima lango liwe Mbeya. Likiwa Dar es Salaam, tovuti itasema uko Dar wakati umekaa Mwanjelwa. Hujadukuliwa, tovuti inaliona lango, haikuoni wewe. Na zile kilomita 800 na ushee msizisingizie: mwanga kwenye faiba hutumia kama milisekunde 5 kwa kilomita 1,000, kwenda na kurudi 10. Ping (kipimo cha muda wa kwenda na kurudi) ikisoma 400, tafuteni mchawi mwingine.

Sasa hili la "washa hali ya ndege, simu itafute mnara mwingine." Panda basi la Iringa. Igurusi, Chimala, Makambako, Mafinga, kote huko simu inaruka mnara hadi mnara bila kukuuliza, na anwani yako ya IP ni ile ile, maana PGW uliyoanza nayo ndiyo unayofika nayo. SGW inaweza kubadilishwa njiani. PGW haibadiliki mpaka kikao, yaani muunganisho wako na PGW, kikatwe. Hali ya ndege inafanya kinyume chake: mnara mara nyingi unabaki ule ule, kikao ndicho kinachofutwa. Ukirudi hewani, MME (mtambo unaosimamia miunganisho ya simu) inasoma APN (jina la lango lililoandikwa kwenye mipangilio ya simu), inatafuta kwenye DNS (orodha ya majina na anwani) ni PGW zipi zinaihudumia, inachagua moja, unachimbiwa handaki jipya, yaani njia mpya ya zile bahasha. Kama kikao kiliganda, au PGW moja kati ya kadhaa ndiyo inaumwa, umepona. Dawa inafanya kazi, ugonjwa ndio mnaukosea jina. (APN yenyewe ikikosewa herufi moja, vimistari vinaweza kujaa usipate kitu. Anzeni hapo.)

Kuna ugonjwa ambao hali ya ndege haiugusi: meseji fupi zinapita, kurasa nzito zinaning'inia. Bahasha juu ya IPv4 inaongeza baiti 36: 20 za IP, 8 za UDP, 8 za GTP. Pakiti ya 1,500 inakuwa 1,536, na kipande kimoja tu cha njia kikiwa na MTU (ukubwa wa juu wa pakiti) ya 1,500, inakatwa vipande au inatupwa kimya kimya. Ndiyo maana simu nyingi hupewa MTU ya chini zaidi, mfano 1,400. Unganisha kompyuta ya Windows kwenye simu, andika ping -f -l 1372 8.8.8.8, ongeza 28 za vichwa unapata 1,400. Ikigoma huku ping ya kawaida inapita, punguza hiyo 1372 ishirini ishirini mpaka ipite. Umepata shingo ya chupa.

Ila nikiri: ukiwa upande wa simu, kutofautisha lango lililoelemewa na maikrowevu iliyoelemewa ni kubahatisha. Traceroute, kipimo kinachoorodhesha vituo vya njiani, haioni vituo ambavyo handaki linapitia. Na hizo SGW na PGW tunazozichora masanduku mawili, siku hizi mara nyingi ni programu moja kwenye seva moja, kwa hiyo anayeapa kijiweni kwamba "SGW ndiyo imekufa", muulizeni kaionea wapi. Pigieni walioko Iringa au Songea wenye laini ya kampuni ile ile. Nao wakiwa wamekwama saa ile ile, mnara wa Uyole hauhusiki. Wakiwa shwari na nyie wote mmekwama, hapo sawa, ulizieni umeme wa mnara na kiungo chake.