"Watu wa huku wanaringa" na dhana nyingine za aliyehamia mji mpya

Kauli hiyo hunifikia karibu kila wiki, na inayofuata huwa ileile: "Nimejitahidi, nimechoka." Ukimdadisi mtu alijitahidije, unakuta alikwenda kwenye kikundi cha mazoezi mara mbili, kwaya mara moja na mkutano wa wakazi mara moja, kisha akajifungia ndani. Basi mji mzima umeshahukumiwa.

Dhana: Watu wa mji huu ni wagumu, hawataki wageni.

Urafiki unakula saa, na wengi hawajawahi kuzipigia hesabu. Jeffrey Hall wa Chuo Kikuu cha Kansas, Marekani, aliwachunguza watu wazima waliotoka kuhama pamoja na wanafunzi wa mwaka wa kwanza chuoni. Katika utafiti wake uliotoka 2018 alikadiria kwamba kutoka kufahamiana tu hadi urafiki wa kawaida huchukua kama saa 50 za kuwa pamoja, kufikia rafiki hasa kama saa 90, na rafiki wa karibu zaidi ya saa 200. Sasa gawanya. Kikundi kinachokutana saa mbili kwa wiki kitakufikisha kwenye saa 50 baada ya wiki 25, karibu miezi sita, tena usikose hata mara moja. Aliyekwenda mara mbili ana saa nne. Huyo anamlalamikia nani?

Na si kila saa ina uzito uleule. Hall aliona kwamba saa za kufanya kazi pamoja zilichangia kidogo kuliko za kupiga soga na kustarehe. Ndiyo maana unaweza kukaa ofisi moja na mtu mwaka mzima na bado ukasita kumpigia simu Jumapili.

Mwenyeji naye mwelewe. Wiki yake imeshajaa: ndugu, kazi, watu aliosoma nao. Hana kinyongo nawe, ila hakukumbuki. Dawa ya kutokumbukwa ni kuonekana tena na tena. Mwaka 1992 wanasaikolojia Moreland na Beach walichapisha jaribio ambamo wanawake wanne walipangiwa mahudhurio tofauti katika darasa la chuo, bila kuzungumza na wanafunzi: mmoja hakwenda kabisa, wengine walikwenda mara 5, 10 na 15. Mwisho wa muhula wanafunzi walionyeshwa picha za wanawake hao, na kadiri mtu alivyohudhuria zaidi ndivyo alivyopendeza zaidi machoni pao. Bila kusema neno!

Kwa hiyo chagua kikundi kimoja, kimoja tu. Kikutane angalau mara moja kwa wiki siku ileile, watu wasizidi ishirini hivi, sura zisibadilike kila mara, na shughuli yenyewe iruhusu watu kuongea. Mihadhara haifai. Jimu ambako kila mtu ameziba masikio haifai vilevile, hata uende kila siku.

Fika dakika kumi kabla na uondoke robo saa baada ya wengine kuanza kutawanyika, kwa kuwa watu hufahamiana viti vinapopangwa na vinapokusanywa, si katikati ya shughuli. Omba kazi ndogo. Anayeshika daftari la mahudhurio ana sababu ya kumwendea kila mtu na kumuuliza jina, hata kama ni mwenye haya. Kabla hujafika nyumbani andika majina kwenye simu, kila moja na jambo alilokuambia mwenyewe: mtoto ana mtihani, pikipiki imeharibika. Wiki ijayo uliza hilohilo.

Mara ya nne au ya tano, alika mtu nje ya kikundi. "Tutafutane siku moja" si mwaliko. Mwaliko unataja shughuli, mahali, siku na saa ya kumaliza: "Jumamosi saa kumi nazunguka uwanja kwa miguu, saa kumi na moja naondoka. Twende?" Saa ya kumaliza ndiyo inayosahaulika, nayo ndiyo inayomfanya mtu akubali, maana anajua hatanaswa jioni nzima. Akishindwa lakini akataja siku nyingine, hesabu amekubali. Akishindwa bila kutaja, subiri wiki tatu hivi umwalike tena. Jibu likiwa lilelile, mwache kwa heshima, alika mwingine wa kikundi hichohicho. Ukihama kikundi, saa zako zinarudi sifuri.

Wengi hukata tamaa karibu na wiki ya sita: ugeni umeisha, salamu zimezoeleka, urafiki bado. Mahesabu yako palepale, una saa 12.

Dhana: Urafiki wa kweli huja wenyewe.

Shuleni ulikuja wenyewe kwa sababu mtu mwingine alikupangia dawati na ratiba. Mwanasaikolojia Festinger na wenzake, katika kitabu cha 1950 kuhusu makazi ya wanafunzi wenye ndoa pale MIT, chuo kikuu cha Marekani, walionyesha kwamba walioishi mlango kwa mlango walifanya urafiki mara nyingi zaidi kuliko walioishi ncha mbili za korido moja. Tofauti ilikuwa hatua chache tu za kutembea.

Dhana: Niliongea ovyo, hawakunipenda.

Mtafiti Boothby na wenzake (2018) waligundua kwamba baada ya mazungumzo na mtu mgeni, watu hudhani wamependwa kidogo kuliko walivyopendwa. Lala bila wasiwasi.

Dhana: Kusalimiana na jirani au mwenye duka ni kupoteza muda.

Nenda duka lilelile, saa ileile. Mwanasosholojia Granovetter alionyesha mwaka 1973 kwamba habari za kazi mara nyingi huja kupitia watu tunaofahamiana nao kwa mbali. Na habari za nyumba ya kupanga au fundi bomba mwaminifu utazipata kwa nani, kama si hao?

Dhana: Nikiomba msaada nitaonekana mzigo.

Omba kidogo, kitu kisichozidi dakika kumi: ngazi, nyundo, kuelekezwa kituo. Watafiti Jecker na Landy (1969) waliona kwamba walioombwa fadhila na mtafiti walimpenda zaidi kuliko wasioombwa. Rudisha ulichoazima kabla hujakumbushwa. Pesa usikope kabisa mwaka wa kwanza. Hapo sina mjadala.

Dhana: Marafiki wa zamani wananitosha, simu ipo.

Watunze. Ila jioni tano kwa wiki ukiwa kwenye simu nao ni saa zilezile unazozihitaji mtaani. Zipunguze ziwe mbili.

Dhana: Upweke wa kuhama ni kawaida, utapita tu.

Mara nyingi hupungua kadiri ratiba inavyojengeka. Lakini huzuni au kukosa hamu ya chochote kukidumu karibu siku nzima, karibu kila siku, kwa wiki mbili, usingizi na hamu ya kula vikivurugika, suala si ugeni tena na kualika watu hakutalitatua. Mwone daktari au mshauri wiki hiyohiyo. Mawazo ya kujidhuru yakikujia, nenda siku hiyohiyo.