"Kwenu Wapi?": Tunavyojidanganya Kuhusu Kabila la Watoto wa Dar

Dar hatuulizani sana "wewe kabila gani?" Tunaulizana "kwenu wapi?" Kijana aliyezaliwa Temeke na kusoma Temeke anajibu "kwetu Rombo" bila kusita, ingawa Rombo kafika mara tatu tu, zote Desemba. Jibu hilo hakulipata serikalini. Sensa ya mwisho kuuliza kabila ilikuwa ya 1967. Ile ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoa huu bila kumuuliza hata mmoja. Kalipata nyumbani.

Dhana: Asiyejua kilugha hana kabila

Hii ndiyo inayowaumiza vijana wengi. Akifika kijijini babu anamsemesha, yeye anabaki kuchekacheka, na mashangazi wanaguna: "Huyu Mswahili bwana." Lakini kwa nini hajui? Mara nyingi mama ni Mhaya, baba Msambaa, na lugha waliyotongozana ni Kiswahili. Hakuna aliyedharau kwao.

Na mtoto huyo ana mengi asiyohesabiwa. Kapewa jina la babu mzaa baba. Anajua kwao mtu akifa hazikwi Kinondoni, anasafirishwa akalale kihambani, kwenye shamba la ukoo. Kama ni wa Kizaramo, kaona msibani Mnyamwezi akijitupa mbele ya jeneza, eti halitoki mpaka alipwe, na baba yake mwenye machozi akacheka na kuingiza mkono mfukoni. Utani huo ni wa tangu misafara ya bara na pwani. Mtoto haelezwi na mtu. Anaona nani kacheka, nani kalipa, na toka siku hiyo anajua mtani wake ni nani.

Dhana: Mtoto ni wa kabila la baba, basi

Kamuulize Mluguru. Kwa Waluguru, kama kwa Wamakonde na Wamwera, ukoo hupitia kwa mama, na mjomba ana sauti ambayo baba hawezi kuipuuza.

Hata kwa wanaofuata baba, mambo hayanyooki hivyo. Tazama nani alilea. Bibi mzaa mama aliyetoka Bukoba kuja kumkanda mzazi, akakaa miaka minne, atamwachia mjukuu wa Kisambaa hamu ya senene na mapenzi ya ndizi za kupika. Kaka yake, aliyelelewa Lushoto mpaka darasa la tatu, hataki hata kuwaona hao senene. Ndugu wa tumbo moja, na ukiwauliza kwao wapi, kila mmoja ana jibu lake. Wala hakuna anayedanganya.

Dhana: Kabila unazaliwa nalo, hakuna cha kutafuta

Jean Phinney, mwanasaikolojia wa Marekani, mwaka 1989 aliandika kuhusu vijana wa jamii mbalimbali za huko. Kwake, utambulisho wa kikabila una hatua: kuna ambaye hajawahi kuuwaza, kuna aliyeanza kutafuta, na kuna aliyekwisha kutulia nao. Huku kwetu, nionavyo mimi, kutafuta huanza siku kijana anapomtaja mchumba. Swali la kwanza la mama si kazi wala dini: "Kwao wapi?" Hapo aliyekuwa hajali anajikuta anapigia simu baba mkubwa kuuliza mambo ya ukoo.

Dhana: Kumfundisha mtoto kabila lake ni kumfundisha ukabila

Mwalimu Nyerere aliukemea ukabila maisha yake yote, na hakuficha kuwa ni Mzanaki. 1999 alizikwa kwao Butiama. Kujua kwenu si kosa. Ila tusijitakase: lile "wale usioe, wachoyo" nalo halifundishwi shuleni. Linasemwa sebuleni, kati ya wali na maharage, na anayelisema mara nyingi ni shangazi yuleyule anayejua hadithi zote za ukoo.